Watoto wa Mwalo na Mzee wa Cuba

Kitabu kifupi cha Ernest Hemingway kuhusu mvuvi mzee wa Cuba hakikuwamo kwenye orodha ambayo sisi walimu wa fasihi ya Kiingereza tulitakiwa kufundisha. Orodha yetu ilikuwa na Houseboy cha Ferdinand Oyono, Unanswered Cries cha Osman Conteh, Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, tamthilia za Wole Soyinka na Guillaume Oyono-Mbia, na wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Ni orodha nzuri na siandiki kuilaumu. Mapalala amesimulia familia ya Fort Portal, Uganda, inayoteketea kwa UKIMWI, na mtoto wa Kagera hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zikabaki na bibi na wajukuu. Darasa langu lilikisoma kitabu hicho kwa utulivu ambao sikuuona kwa kitabu kingine chochote cha orodha.

Kilichonisumbua ni namna tulivyosoma. Swali la fasihi la kidato cha nne humtaka mwanafunzi atumie vitabu viwili alivyosoma kutetea hoja fulani. Basi mtoto anakwenda steshenari kununua madesa: dhamira zimeshapangwa, wahusika wameshachambuliwa, mafunzo yameshaorodheshwa, kazi yake ni kukariri. Nimefundisha vijana waliofaulu somo hilo bila kukishika kitabu chenyewe mkononi. Siwalaumu. Shule ina nakala tatu, darasa lina watoto sabini, na mtihani hausubiri mtu.

Nilianza kazi Bukoba mjini, baadaye nikahamishiwa shule ya kata wilayani Muleba, katikati ya barabara kuu na ziwa. Asiyeijua nchi hii aelewe kwamba hapo pana dunia mbili zinazoonana kwa macho. Mgongoni, juu, kuna vibanja: migomba, kahawa, siku hizi na vanila, nyumba za mabati zilizojengwa na watoto walioko Dar es Salaam. Chini kabisa kuna mwalo: mitumbwi, vichanja vya dagaa, vibanda vya mbao na turubai, na watu waliotoka kila upande, Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wahangaza, Waganda. Watoto wa dunia zote mbili wanakutana darasani, lakini hawakai pamoja. Watoto wa kibanja hukaa mbele. Kiingereza chao kina nafuu, kwani wengi wana kaka au shangazi aliyesoma. Watoto wa mwalo hukaa nyuma. Huchelewa, kwa sababu dagaa lazima waanikwe asubuhi, na waliotoka visiwani, Ikuza, Goziba, Bumbile, hupanga vyumba na kujipikia wenyewe kwenye mageto. Wenzao waliwatania kwa harufu ya samaki. Walimu nao, nisiwafiche, waliwahesabu kuwa ni watoto wa kupita, watakaorudi ziwani kabla ya kidato cha nne.

Nilikuwa na nakala chache za The Old Man and the Sea, mali yangu mwenyewe. Tafsiri ya Kiswahili ipo pia, Mzee na Bahari, ya Cyprian Tirumanywa, lakini sikuwa nayo na watoto walihitaji mazoezi ya Kiingereza. Nikaamua tukisome jioni, baada ya vipindi, kwa sauti, mimi nikianza na wao wakipokezana. Kitabu chenyewe kina maneno kama 27,000 tu. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza chote kizima ndani ya jarida la Life, toleo la tarehe 1 Septemba 1952, na nakala zaidi ya milioni 5 za toleo hilo zikauzwa kwa siku mbili. Mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Pulitzer, na 1954 mwandishi akapewa Nobeli. Kisa chake kinaelezeka kwa pumzi moja: Santiago, mvuvi mzee, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku ya 85 anakwenda mbali sana peke yake, ananasa samaki mkubwa kuliko mtumbwi wake, anapambana naye siku kadhaa, anamuua, anamfunga ubavuni, na papa wanamla wote njiani mpaka anafika pwani na mifupa.

Sikuwaambia dhamira. Nilijua nikitamka neno uvumilivu tu litaandikwa daftarini na kitabu kitakuwa kimekwisha.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Watoto wa mbele walisoma vizuri lakini walichoka haraka, maana hakuna kinachotokea, mzee anapiga makasia tu na kuweka chambo. Ndipo tukafika pale Hemingway anapoeleza kina cha kila kamba: pima 40, pima 75, pima 100 na pima 125. Mvulana mmoja wa nyuma, asiyewahi kunyoosha mkono tangu nimjue, aliuliza pima ni ipi hiyo, ya mikono miwili iliyonyooshwa? Nikamwambia ndiyo, ni karibu mita moja na themanini. Akanyamaza, akahesabu, kisha akasema kwamba hiyo bahari haina mwisho. Tulipiga hesabu ubaoni. Ziwa Victoria, mahali penye kina kirefu kabisa, lina mita 80 hivi. Kamba fupi kuliko zote za Santiago ina mita 73. Ingekaribia kugusa tope la ziwa letu pale penye kina cha mwisho, na zile tatu nyingine zingelala chini na kubaki. Darasa zima liliguna. Kuanzia hapo lile benchi la nyuma likawa na kazi.

Yule mvulana alitoka mbele, akachukua kamba ya bendera, akaonyesha jinsi mshipi unavyopitishwa mgongoni ili uzito usikae mikononi, na kwa nini mtu hawezi kuufunga kwenye mtumbwi samaki akiwa bado ana nguvu: akivuta ghafla, unakatika. Hemingway ameeleza hayo hayo kwa kurasa nyingi na watoto wa mbele walikuwa wamezipita bila kuziona. Sasa walirudi kuzisoma upya, kidole kikiwa juu ya mstari, wakimwuliza mwenzao wa mwalo kama mwandishi amesema kweli. Walimwuliza yeye, hawakuniuliza mimi. Mimi ni mtoto wa kibanja, na ndoana yangu ya mwisho niliishika nikiwa mdogo, kijitoni.

Lakini benchi la nyuma halikumkubali Hemingway kwa kila kitu, na hapo ndipo somo lilipopata moto. Jambo la kwanza walilomkatalia ni kwenda peke yake. Ziwani hakuna mtu anayekwenda peke yake, walisema. Mtumbwi una watu watatu au wanne, una tajiri mwenye injini na nyavu, na mapato yana mgawo wake. Kijana anayemwacha mzee na kuhamia mtumbwi mwingine, kama alivyofanya Manolin, mvulana aliyekuwa akivua na Santiago, kwa amri ya wazazi wake, walimwelewa mara moja, kwani mtumbwi usio na samaki vijana huukimbia. Ila mzee mwenye akili, walishikilia, asingevuka upeo wa macho bila mwenzake. Binti wa kibanja aliyekuwa akiongoza darasa alijibu kwamba upweke ndio unaotuwezesha kumsikia mzee akiwaza na kuongea na samaki, na mwandishi akimpa wenzake kitabu kinakufa. Walibishana jioni nzima. Sikuamua mshindi. Nimesoma uchambuzi wa maprofesa juu ya kitabu hiki, na mara chache nimekuta hoja mbili zimesimama vizuri kama zile.

Msichana mmoja ambaye mama yake huanika dagaa mwaloni aliuliza wanawake wako wapi. Mke wa Santiago ni picha tu iliyoondolewa ukutani kwa sababu kuitazama kunampa mzee upweke. Basi huyo samaki angemwuzia nani? Kwetu, alisema, samaki akifika nchi kavu ni wa akina mama: wao hununua, hukausha, hukaanga, hutafuta gari la kwenda mnadani. Nikamwonyesha ukurasa ambapo Santiago, mshipi ukiwa bado mikononi, anakadiria bei. Anadhani samaki ana ratili zaidi ya 1,500, theluthi mbili zitabaki baada ya kusafishwa, na kila ratili ni senti 30. Tukapiga hesabu: kama dola 300. Yule msichana akauliza na bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, je. Mwaloni kila mtu anajua kwamba bondo la sangara laweza kuwa na thamani kuliko minofu yake, kwa ajili ya soko la China. Alitaka kujua kama mzee angelitupa. Sikuwa na jibu, lakini aliandika insha ya kurasa nne, kwa Kiingereza kilichochubuka hapa na pale, akimshauri Santiago namna ya kuuza. Ni moja ya insha bora nilizowahi kusahihisha, kwa sababu kila sentensi ilikuwa na kitu ndani.

Tulipofika kwenye sala, darasa lote lilikuwa kitu kimoja. Santiago si mtu wa dini sana, lakini anaahidi Baba Yetu kumi na Salamu Maria kumi, na hija kwa Bikira wa Cobre, akimpata samaki. Watoto wa Jimbo Katoliki la Bukoba wanaifahamu nadhiri ya namna hiyo, na walioenda Nyakijoga kuhiji na mama zao waliieleza kwa Waislamu na Walutheri wenzao. Mmoja akataja Mugasha, ambaye wazee wa Kihaya walimheshimu kama mwenye ziwa, na kusema kuwa babu yake hakuingia majini bila kumkumbuka. Sikumkatiza. Ziwa hili limetufundisha kuliogopa. Watoto hao walizaliwa baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, lakini majina ya waliokufa siku ile wanayajua, maana yanatajwa katika kila misa ya kumbukumbu.

Nilimwalika mzee mmoja aliyestaafu uvuvi aje atusikilize. Alivaa koti. Wanafunzi walisimama, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba wajukuu zangu," akakaa kwenye kiti changu na fimbo katikati ya magoti. Tulimsomea sehemu ya papa, msomaji mmoja kwa Kiingereza na mwingine akimtafsiria. Alisikiliza bila kutikisika. Tulipomaliza aliuliza kama mwandishi alikuwa mvuvi. Nikamweleza kwamba alivua miaka mingi kwenye maji ya Cuba na alikuwa na mashua yake. "Inaonekana waitu," alisema. "Huyu ameumia mikono." Kisha akakunjua viganja vyake mbele ya darasa. Vilikuwa na mikato mirefu iliyopona vibaya, mmoja ukivuka kiganja chote cha kulia, ngozi pale imekuwa nyeupe na ngumu. Ukurasa wa kwanza wa kitabu unataja makovu kama hayo ya Santiago, na watoto waliokuwa wameusoma kwa haraka sasa walikuwa wanayatazama. Mzee alisema ziwani hatuna papa. Papa wetu, alisema, ni majambazi wanaokuja usiku na kuchukua injini na nyavu, na mtu anarudi mwaloni akipiga kasia na deni la tajiri kichwani. Hapo hakuna aliyehitaji kuulizwa maana ya kupoteza kazi ya siku tatu.

Si wote walioridhika. Mzazi mmoja, baba wa Kihaya mwenye heshima zake, alinifuata baada ya kikao cha wazazi. "Mwalimu, sisi tunapigana vijana watoke ziwani warudi shule, wewe unawasomea habari za mtoto mvuvi asiyesoma?" Lilikuwa swali la haki. Wavulana wa Muleba wanaacha shule kila mwaka kwenda visiwani, ambako usiku mmoja wa dagaa wakati wa giza unaweza kulipa kuliko mwezi wa kibarua shambani. Nilimjibu kwamba kijana anayekimbilia ziwani hakimbii kwa sababu ya kitabu. Anakimbia kwa sababu shuleni hakuna mtu anayemwona kuwa anajua kitu. Yule mvulana wa kamba ya bendera alikuwa mtoro sugu, na tangu siku ya pima hakukosa jioni hata moja. Siwezi kuahidi kwamba kila mmoja hubaki. Najua kwamba huyo alibaki na akafanya mtihani wake.

Nilimwambia pia jambo la pili, ambalo walimu wenzangu hawalipendi: kitabu maarufu si lazima kiabudiwe. Tulilithibitisha karibu na mwisho wa usomaji, tulipofika kwenye ndoto za Santiago. Ujanani alikuwa baharia wa meli iliyofika Afrika, akaona simba ufukweni jioni, na uzeeni bado anawaota wale simba. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaziona ndoto hizo kuwa nzuri kuliko chochote kitabuni. Darasa langu lilizipokea kwa mashaka. Mmoja alisema hajawahi kumwona simba maishani. Kisha yule binti kiongozi, aliyekuwa mtetezi wa Hemingway tangu mwanzo, akasema: "Mwalimu, Afrika yake haina watu."

Nilifunga kitabu nikawasimulia habari za mtu mwenyewe, kwani Hemingway si mgeni wa mbali kwetu. Mwishoni mwa 1933 alishuka Mombasa akaja Tanganyika kuwinda, akaugua kuhara damu na kusafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi kutibiwa. Safari hiyo ilizaa Green Hills of Africa cha 1935 na hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro ya 1936. Katika hicho cha 1935 watu wetu wamo, ila kama wapagazi, wasoma nyayo na wabeba bunduki, na wanyama wanaelezwa kwa uangalifu zaidi kuliko wao. Januari 1954, karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ndege yake ilianguka. Akaokolewa kwa mashua hadi Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikiruka. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo chake naye yu hai, akiwa na majeraha ambayo hayakupona sawasawa. Tuzo ya Nobeli alitangaziwa mwaka huo huo na hakuweza kwenda kuipokea. Mwanawe Patrick aliishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Watoto walitaka kujua kama Patrick alijua Kiswahili kuliko baba yake. Niliwaambia nadhani ndiyo, maana yeye aliishi nasi na baba alipita tu.

Hoja ya yule binti niliiandika ubaoni na tukaiacha hapo wiki nzima. Wengine waliipinga: ni ndoto ya mzee, na ndoto haina deni la kuonyesha kila mtu. Wengine walisema anayejua kueleza kamba nne kwa pima angeweza kumweka hata mtu mmoja pale ufukweni. Binafsi nipo upande wa binti. Na bado nakipenda kitabu. Hayo mawili yanakaa pamoja bila shida, na nadhani mwanafunzi akishajua kwamba yanaweza kukaa pamoja, madesa hayamtoshi tena.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakaokolewa 24. Wavuvi ndio waliowahi kufika, na mitumbwi yao, na kamba zao, na makasia yao, na nchi nzima ikajua jina la kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson. Jumatatu darasani hakuna aliyetaka kufungua daftari. Tulizungumza tu. Mtoto mmoja wa nyuma alisema kwamba ndiyo maana walimkatalia Santiago kwenda peke yake. Watoto wa mbele hawakubisha.

Nimeona mihtasari ikibadilika, na Taasisi ya Elimu Tanzania itaendelea kuibadilisha. Ombi langu kwa wanaoiandaa ni dogo: pamoja na vitabu vya lazima, iachiwe kila shule nafasi ya kitabu kimoja cha kuchagua, na mwalimu apewe muda wa kukisoma chote kwa sauti. Shule ya Same itachagua chake, ya Kilwa chake. Na wewe mwalimu mwenzangu uliye Rubafu, Kemondo, Ikuza au mwalo wowote wa ziwa hili, usisubiri waraka. Hadithi ya Santiago ina kurasa mia moja na ushee. Nakala moja inatosha darasa zima, ikisomwa jioni, dagaa wakishaanuliwa.